Mbona Wanacheza Tu? Tiba ya Usemi kwa Mtoto Aliyekawia Kusema

Dada yangu alitoka mtaa wa Umoja, Nairobi, alfajiri, akapanda matatu mbili, akafika kliniki mlango ukiwa bado umefungwa. Mwanawe alikuwa na miaka miwili na miezi minane, na maneno yake yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja: "mama", "ma" ya maji, "bum" ya gari, na "tata" iliyomaanisha kitu chochote kingine. Niliwasindikiza kwa kuwa shemeji alikuwa zamu, na kwa kuwa dada hakutaka kupokea habari mbaya akiwa peke yake.

Tulidhani mtaalamu atamfungua kinywa, ataukagua ulimi, kisha aanze somo: sema "a", sema "ba". Mtaalamu yule aliketi mkekani, akatoa kigari cha mbao, akakisukuma, akanyamaza. Mtoto akamtazama. Akakisukuma tena, akanyamaza. Karibu nusu saa ikaenda hivyo. Tulipotoka koridoni kumngoja aandike ripoti, dada aliniinamia sikioni: "Kwa hiyo pesa yote hiyo nimelipa wacheze gari?"

Lilikuwa swali la haki, na sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekaa kando ya mkeka ule mara nyingi, nimesoma, nimewauliza wanaoifanya kazi hii. Naandika jibu sasa kwa sababu najua yuko mama Kayole au Kawangware ambaye wiki hii ataketi koridoni na swali lilo hilo.

Maneno huja nyuma

Tunaposema mtoto "hajaongea", neno hilo moja linafunika mambo matatu. Kuna usemi, yaani kazi ya mapafu, koo, ulimi na midomo kutoa sauti zinazotambulika. Kuna lugha, yaani akiba ya maneno na kanuni za kuyaunga. Na kuna mawasiliano, ambayo ni mapana kuliko hayo mawili: kule kumfikia mtu mwingine kwa jicho, kwa kidole, kwa kilio, kwa kumvuta mama nguo hadi kwenye kabati la biskuti. Mtoto anaweza kukwama katika moja na kuwa sawa katika mengine. Aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka anaweza kuwa na lugha tele kichwani, sauti zikapotelea puani. Mwenye usonji anaweza kukariri tangazo zima la runinga, neno kwa neno, na asiweze kuomba maji.

Mawasiliano ndiyo hutangulia. Kabla ya neno la kwanza mtoto hujifunza kupokezana nawe: wewe unacheka, naye anacheka, wewe unaficha uso kwa leso, naye anangoja ufunue. Karibu na mwaka mmoja huanza kunyoosha kidole. Tendo hilo huonekana dogo, lakini ndani yake mna sentensi nzima: mama, tazama ndege. Mtoto amejua kwamba wewe una akili yako, na kwamba anaweza kuielekeza kwenye kitu anachokiona yeye. Asiyelijua hilo, hata ukimfundisha maneno mia moja, atakuwa nayo kama mtu mwenye sarafu za nchi ambayo hajawahi kufika.

Ndiyo sababu ya kigari. Kila mara tabibu (nasema tabibu wa usemi, wazazi wengi Nairobi husema therapisti, au mwalimu wa spichi) alipokisukuma na kunyamaza alikuwa anauliza kitu. Je, mtoto ataangalia gari kisha amtazame usoni? Atangoja zamu yake? Gari likikwama chini ya kiti, atamwendea mtu kuomba msaada au atalia peke yake? Akiambiwa "leta kiatu" bila kuonyeshwa, atakileta? Katika nusu saa ile alipata kujua kwamba mpwa wangu anaelewa mengi, anapenda watu, anapokezana vizuri, na kwamba ana sauti chache mno. Picha hiyo ni tofauti sana na ya mtoto asiyegeuka akiitwa jina, na safari zao za tiba huachana tangu siku hiyo ya kwanza.

Miezi kumi na minne

Umri una vipimo vyake, ingawa watoto hawatoki kiwandani. Neno la kwanza huja karibu na miezi 12. Kufikia miaka 2 wengi wana maneno 50 hivi na wameanza kuunga mawili: "taka uji", "baba enda". Mtoto wa miaka 3 akizungumza na mgeni, mgeni anapaswa kuelewa kama robo tatu ya anayosema. Wa miaka 4, karibu yote, hata kama "r" bado inamsumbua.

Kwenye ratiba ya chanjo za Kenya kuna siku ambayo ningeipaka rangi nyekundu: miezi 18, dozi ya pili ya surua na rubela. Baada ya hapo mtoto mzima wa afya haonekani sana kliniki. Kitabu cha mama na mtoto kina ukurasa wa hatua za ukuaji, lakini foleni ni ndefu, sindano inangoja, mizani inangoja, na ukurasa ule hupitwa. Dada yangu aliuliza siku hiyo. Akajibiwa kwamba wavulana huchelewa, asiwe na haraka.

Ni kweli wavulana kwa wastani huwa nyuma kidogo ya wasichana, lakini kidogo tu. Tofauti hiyo haielezi mwaka mzima wa kimya. Ni kweli pia kwamba wako watoto wanaochelewa wakaja kuwafikia wenzao bila msaada wowote, na kila ukoo una mjomba aliyesema akiwa na miaka minne na sasa ni wakili. Shida ni kwamba mjomba yule anatajwa kwenye kila harusi, na aliyeacha shule darasa la tatu kwa sababu hakuwa akielewa anayoambiwa hatajwi. Mtoto anayeelewa mengi na kutumia ishara nyingi ana nafasi nzuri. Asiyeelewa wala kuonyesha kidole ana nafasi ndogo. Hakuna awezaye kumtabiria mtoto mmoja kwa uhakika. Kwa hiyo "ngoja kwanza" ni ushauri wenye gharama, na dada aliulipia miezi kumi na minne.

Tabibu aligoma kuendelea kabla masikio hayajapimwa. Dada alipinga, maana mlango ukibamizwa mtoto hugeuka. Lakini usikivu hauna swichi ya kuwasha na kuzima. Mtoto anaweza kusikia honi ya matatu na asisikie "s" iliyo katika "sasa", kwa kuwa sauti za aina hiyo ni nyembamba na hafifu. Majimaji yakituama nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara, dunia huwa kama inazungumza kutoka chumba cha pili: leo afadhali, kesho vibaya. Kuna wanaopoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, kwa umanjano mkali wa siku za kwanza za maisha, au kwa baadhi ya dawa kali za kuua bakteria. Shirika la Afya Duniani linakadiria watoto milioni 34 wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma, na kwamba karibu asilimia 60 ya upungufu wa utotoni hutokana na sababu zinazoweza kuzuiwa.

Mpwa wangu alikutwa na majimaji masikio yote mawili. Yalitibiwa. Tulitarajia maneno yamwagike wiki ile ile, na hayakumwagika. Alikuwa amepitwa na zaidi ya mwaka wa kusikia vizuri, na akili ya mtoto haiwezi kujifunza kwa siku saba kile ambacho wenzake wamekipata kwa siku mia nne.

Jamaa walikuwa na maoni yao kuhusu ulimi. Shangazi mmoja alishauri akatwe ule utando wa chini, eti ndio uliomfunga. Kuna watoto ambao utando huo ni mfupi kweli, na unaweza kuwatatiza kunyonya au baadaye kutamka sauti chache. Lakini haumzuii mtoto kuwa na maneno. Mtoto mwenye ulimi uliofungwa husema sana. Husema kwa matamshi yasiyo safi. Mtoto wa miaka miwili na nusu mwenye maneno manne, jawabu lake haliko chini ya wembe.

"Mnamchanganya mtoto"

Hapa nitakaa kidogo, maana hili ndilo linaloumiza familia nyingi Nairobi bila sababu.

Nyumbani kwa dada yangu shemeji husema Kikuyu na mama yake, dada husema Kiswahili, yaya ni Mbukusu na huimba Kibukusu akifua, katuni zote ni Kiingereza, na watoto wa ploti wanapiga Sheng. Mtoto alipochelewa, kila mtu akapata wa kumlaumu: lugha ni nyingi mno. Chekechea moja ikashauri nyumba nzima ihamie Kiingereza. Kwa miezi miwili cucu yake akija kutoka Murang'a alikuwa anaketi kimya na mjukuu magotini, akiogopa kumharibia.

Lugha nyingi hazisababishi tatizo la lugha. Watoto wa Afrika, wa India, wa sehemu kubwa ya dunia hukua na lugha mbili au tatu, na wenye matatizo ya lugha si wengi zaidi kati yao kuliko kati ya wenye lugha moja. Tatizo likiwepo, huonekana katika lugha zote. Kuondoa moja hakuliondoi. Kinachohitajika ni kuhesabu vizuri. Akisema "maji" kwa mama, "ngui" kwa cucu akimaanisha mbwa, na "bai" kwa jirani, ana maneno matatu. Ukimpima kwa Kiingereza tu, utasema ana moja au hana. Tena mzazi anayelazimishwa kumlea mtoto kwa lugha asiyoimiliki hubaki na amri na maswali: kaa, njoo, hii ni rangi gani. Vichekesho, hadithi, kubembeleza, kumsimulia alivyofanya bibi yake na mbuzi, vyote huondoka na lugha iliyofukuzwa. Tabibu alipomwambia cucu aendelee na Kikuyu chake, mama yule mzee alifuta macho.

Lafudhi nayo isichanganywe na kasoro. Mtoto aliyelelewa na watu wanaosema "rara" kwa "lala" atasema "rara". Aliyelelewa na Wajaluo huenda akasema "samba" kwa "shamba", kwa sababu Kijaluo hakina sauti hiyo. Swali la tabibu makini ni je, mtoto huyu anatofautiana na watu wazima waliomlea? Hata sarufi inataka umakini huo. Kamil Ud Deen, aliyerekodi watoto wanne wa Nairobi wakijifunza Kiswahili, alionyesha jinsi wanavyoangusha viambishi vya mwanzo wa kitenzi. Na watu wazima wa Nairobi nao husema "tarudi kesho" na "mefika" kila siku. Anayempima mtoto kwa Kiswahili cha kitabu cha sarufi atamwona mgonjwa pasipo ugonjwa.

Vipimo vingi vinavyotumika vilitungwa Marekani na Uingereza, kwa watoto wa huko. Kilifi kumefanyika kazi ninayoiheshimu sana: watafiti walitengeneza orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, wakawauliza wazazi kwa mdomo, hata wasiojua kusoma, mtoto wao anasema nini na anaelewa nini. Mama asiye na cheti alionekana kuwa shahidi wa kutegemewa kuhusu mwanawe. Natamani kila ofisi ya tathmini jijini ingeanza hapo.

Nusu kikombe cha uji

Sasa tiba yenyewe. Dada alifundishwa jambo la kwanza ambalo lilimshinda kwa wiki mbili: kunyamaza. Awali alimjazia mtoto kikombe cha uji kabla hajauliza, kwa upendo, na mtoto hakuwa na sababu ya kusema. Sasa anampa nusu. Kikiisha, anashika jagi, anamtazama, anangoja. Anahesabu moyoni hadi kumi. Mtoto anaweza kutazama jagi, akagusa mkono wake, akatoa sauti, na chochote kati ya hivyo ni ombi, hupokelewa kama ombi: "Uji! Unataka uji." Kisha anamimina kidogo tena. Kikombe kimoja kinatoa nafasi sita za kuzungumza pale palipokuwa hakuna hata moja.

Kinachofanyika hapo kina historia. Mpango wa Hanen, ulioanza Kanada mwaka 1975, ulijengwa juu ya wazo kwamba mzazi ndiye afundishwe: atazame mtoto anapendezwa na nini, angoje, asikilize, ndipo aseme. Naona wazo hilo si geni kwetu. Anayesema "hadithi, hadithi!" kisha akangoja "hadithi njoo!", na anayetega kitendawili akangoja aambiwe "tega!", wote wanamfundisha mtoto kwamba mazungumzo yana zamu, na kwamba zamu yake inangojewa.

Jambo la pili lilikuwa kuacha mtihani. Sisi watu wazima tukimpenda mtoto tunamhoji: hii ni nini? Ng'ombe analiaje? Mtoto asiye na maneno hufeli mtihani huo mara hamsini kwa siku. Tabibu alimtaka dada aseme anachokiona mtoto, kwa maneno machache, na mtoto akitoa neno, aongeze moja tu. Mtoto: "bum." Mama: "Gari. Gari kubwa." Anapoosha vyombo: "Sufuria. Sufuria moto." Hasahihishi kwa kumwambia amekosea, anampa neno zima tena, polepole. Kwa kuwa mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, watoto hudaka mkia wa neno kwanza, "tabu" kwa kitabu, "kombe" kwa kikombe. Huo ni mwanzo mzuri wa neno, na unastahili kupokelewa kwa furaha.

Kwa mtoto anayesema sana ila haeleweki, kazi ni nyingine kabisa. Nilimwona msichana wa miaka minne ambaye kila "k" kwake ilikuwa "t": kuku ni "tutu", kaka ni "tata". Tabibu aliweka picha mbili mezani, ya kaa wa baharini na ya taa. Msichana akaomba "taa" akimtaka kaa. Akapewa taa. Akakunja uso, akaomba tena, akapewa taa tena, hadi akasimama kidogo kufikiri, akaurudisha ulimi nyuma na kutoa sauti fulani kooni, karibu na "k". Alikuwa amegundua kwamba sauti moja hubadilisha kitu unachokipata, na ugunduzi huo ndio tiba inayoutafuta. Wazazi wengi huulizia mazoezi ya kupuliza filimbi na kuzungusha ulimi. Ushahidi kwamba hayo hurekebisha matamshi ni hafifu. Ulimi hujifunza kusema kwa kusema.

Kigugumizi nacho kina mlango wake. Mara nyingi huanza kati ya miaka miwili na mitano, watoto wengi hukiacha wenyewe, na huwa kinatembea kwenye damu ya ukoo. Hakisababishwi na kutekenywa wala kuogopeshwa. Kumwambia mtoto "vuta pumzi, sema polepole" humfundisha tu kwamba usemi wake unawakera watu. Kuna tiba kutoka Australia, iitwayo Lidcombe, ambamo mzazi hufunzwa kuyasifu yale maneno yaliyotoka laini, kila siku kwa muda mfupi, chini ya uangalizi wa tabibu. Mengine ni ya kila mtu mwenye adabu: usimmalizie neno, usicheke, mtazame usoni hadi amalize. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kwa upande wake, huenda akahitaji tabibu huyu huyu kwanza kwa ajili ya kumeza, maana misuli inayosema ndiyo inayokula, na uji ukienda njia ya hewa ni hatari kwa mapafu.

Wapo pia wanaokaa darasani bila mtu kujua. Wanasikia, wana akili, hawana usonji, ila lugha haiwakai: maelekezo marefu huwapotea, hadithi haina kichwa wala miguu. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2016 ulionyesha tatizo hili kwa takriban asilimia 7 ya watoto wanaoanza shule. Kama hali ni hiyo kwetu, darasa la watoto 50 lina watatu au wanne. Nikikumbuka wenzangu wa darasani walioitwa wavivu na kuchapwa kwa kutofuata maagizo, nashindwa kulala.

Picha si kukata tamaa

Tabibu alipomletea dada kadi za picha, shemeji alikasirika: "Akizoea picha, daktari, atasema lini?" Hofu hiyo wazazi wengi wanayo. Mwaka 2006 Millar, Light na Schlosser walikusanya tafiti zilizowapima watu 27 waliopewa picha, ishara au vifaa vya kuwasaidia kuwasiliana. Hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua, na karibu asilimia 89 uliongezeka. Sababu inaeleweka ukimtazama mtoto: anayeweza kupata maji bila kujitupa sakafuni ana utulivu wa kusikiliza neno "maji" linapotajwa.

Mfumo mmoja unaojulikana sana, PECS, ulibuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost. Mtoto hufundishwa kumpa mtu picha mkononi ndipo apewe kitu, yaani kumwendea mtu kwanza, na hapo tunarudi kwenye kigari cha mbao. Si lazima kununua chochote. Kadi za dada ni maboksi ya majani ya chai yaliyokatwa, na picha za simu zilizochapishwa kwa saiba ya mtaani: kikombe chao wenyewe, choo chao, kiatu chao.

Na kwa mtoto kiziwi, Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili, yenye sarufi yake. Katiba ya 2010 inaitaja katika kifungu cha 7, na kifungu cha 120 kinaiweka miongoni mwa lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mtoto kiziwi anayenyimwa ishara kwa kungojewa aseme anaweza kufika darasa la kwanza bila lugha yoyote, na sijui jeraha kubwa zaidi ya hilo katika jambo hili lote.

Mlete yaya

Mtoto wa umri ule huwa macho kama saa kumi na mbili kwa siku, saa themanini na nne kwa wiki. Kliniki humpata kwa saa moja, kama nauli ipo. Tabibu alipopiga hesabu hiyo mbele yetu aliuliza, "Mama, saa nyingine anakaa na nani?" Dada akajibu, kwa aibu kidogo, kwamba anatoka saa kumi na moja na nusu asubuhi na kurudi giza limeingia. "Basi Jumamosi ijayo mlete yaya."

Dada hakulipenda. Aliona kama amevuliwa umama mbele za watu. Lakini alimleta, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeketi ukingoni mwa mkeka akidhani ameitwa kugombezwa. Baada ya dakika kumi alikuwa anapuliza povu la sabuni, ananyamaza, anangoja, na mtoto akasema "pu!" kwa mara ya kwanza maishani mwake. Siku hizo runinga ilikuwa ikiwaka kutwa nzima sebuleni ili kazi zifanyike. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linapendekeza mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Yaya hakuambiwa aizime akabaki na mikono mitupu. Alipewa cha kufanya: atie nguo majini na kutaja, "soksi! soksi ya baba!", ampe mtoto maharagwe ayahesabu sufuriani, amwimbie Kibukusu chake.

Kuhusu pa kuanzia, jiji letu lina milango zaidi ya watu wanavyodhani, ingawa si mingi inavyopaswa. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina kliniki ya masikio, pua na koo. Vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum vilianzishwa mwaka 1984 na viko chini ya elimu, kwa hiyo mzazi anaweza kwenda bila kupitia hospitali. Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iko Kasarani tangu miaka ya themanini na hufanya tathmini pia. Matabibu wenyewe ni wachache; Afrika Mashariki ilipata shahada yake ya kwanza ya fani hii Makerere, Uganda, mwaka 2008 tu. Uhaba huo huzaa walaghai, kwa hiyo muulize mtu alisomea wapi na kama alisomea kazi hii hasa. Akikuahidi mtoto atasema baada ya siku thelathini, ondoka. Ukienda, beba kitabu cha kliniki na video fupi mbili za mtoto akicheza nyumbani, kwa sababu wengi hunyamaza wakiona sura ngeni, na beba orodha ya kila neno analosema katika kila lugha, hata lililokatika.

Orodha ya mpwa wangu iko mlangoni pa jokofu, imeandikwa na yaya kwa kalamu ya kijani. Wiki iliyopita ilikuwa na maneno thelathini na moja. La kumi na tisa ni "apana". Kabla ya hilo alikuwa akikataa kwa kuuma, na mwenye chekechea alikuwa amemwita dada mara mbili kuhusu meno yale; tangu Machi hajamuuma mtu. Jumamosi hii tabibu anataka waanze kuunga mawili, na ameuliza cucu kama anaweza kuja.